Alikopita Mkaguzi wa Nyimbo

Ukitaka kujua Mkaguzi yuko wapi, hukuwa na haja ya kumwona. Ulisikiliza tu. Sabufa ya kinyozi pale kwenye kona ilikatika katikati ya wimbo, ikafuata ya fundi simu, halafu redio ya mama lishe, na ukimya ukaja hivyo hivyo duka kwa duka mpaka kwenye saluni yangu. Vidole vya Sechelela, msusi mwenzangu, vilisimama kichwani kwa mteja. Mimi nilikimbilia swichi. Mama yangu, aliyekuwa akishinda nami pale akichambua rasta na kutafuna karanga, alisema maneno yale yale kila siku, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini: "Nyamazeni, atapita."

Na kweli alipita. Mara nyingi alipita tu, mikono nyuma, akitusalimia yeye kwanza, "Habari za kazi, akina mama," nasi tukajibu "Nzuri, shikamoo," kwa pamoja kama darasa. Kisha tulisubiri mpaka muziki uanze tena kule alikotoka, tujue amekwenda mbali. Hata ulipoanza, mimi sikuwasha haraka. Moyo ulichelewa kutulia, na mkono ulikuwa unausubiri moyo.

Simwiti Mkaguzi kwa dharau. Nkuhungu, mtaa wetu wote, hakuna aliyemwita vinginevyo, na jina alilopewa na wazazi wake silijui hata leo. Wengine walisema katoka Kolo, wengine walisema ni mtu wa Dar aliyefuata serikali ilipohamia huku. Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtangazaji, hakina mahali pa kumshikia. Alifanya kazi kwenye kampuni moja ya kukusanya mirabaha ya wanamuziki. Kila anayepiga muziki mbele ya wateja, awe na baa, saluni au banda la chipsi, alitakiwa kuwa na leseni, na asiyekuwa nayo alinyang'anywa chombo. Leseni niliifuatilia mpaka nikachoka. Leo mtandao uko chini, kesho aliyehusika yuko semina, keshokutwa naambiwa saluni yangu imewekwa fungu moja na kumbi za harusi. Mwisho nikafanya kama wenzangu wote, nikawa napiga muziki huku sikio moja liko barabarani.

Sabufa yangu ya kwanza aliichukua yeye. Aliniambia, kwa upole wa mtu anayeomba maji ya kunywa, kwamba nikikutwa mara ya pili saluni itafungwa na mimi nitapandishwa mahakamani. Saluni ile ndiyo iliyokuwa inasomesha wanangu na kumlisha mama. Sikuwa na shamba, sikuwa na mume, sikuwa na kingine. Kwa hiyo msomaji anayenicheka kwamba niliogopa mtu mpole aliyetangulia kusalimia, acheke polepole.

Alikuwa na desturi ya kutisha, na ajabu ni kwamba ilitoka kwenye heshima. Hakuingia dukani wimbo ukiwa unaendelea. Alisimama nje, kando ya pazia, akausikiliza mpaka mwisho, ndipo akaingia. Kinyozi alipomuuliza kwa nini anawatesa watu hivyo, alijibu, "Siwezi kumkata msanii katikati." Siku aliyochukua sabufa yangu niliona kivuli chake chini ya pazia wimbo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Nikizima, nimekiri. Nikiacha, naendelea kukosa mbele yake. Nikaacha. Mteja wangu, mfanyakazi wa Bunge aliyekuja kusuka kabla vikao havijaanza, alikuwa anatingisha kichwa na kuimba kwa raha zake, hajui kitu, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye viganja, rasta inateleza. Wimbo ule ulikuwa wa mapenzi. Nauchukia mpaka leo, na mwimbaji wake hajanikosea kitu.

Halafu alipoingia, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichomoa nyaya taratibu, akazikunja vizuri, akavua koti lake na kuifungia ile sabufa ndani yake ili isiingie vumbi njiani. Akatoka na shati tu kwenye upepo, kakumbatia chombo changu kifuani kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

Viatu vyake navyo vilikuwa habari. Vyeusi, vya kamba, soli ngumu, vinang'aa kwenye mji ambao ukifagia asubuhi, saa nne vumbi limerudi na wenzake. Mfukoni alikuwa na kitambaa cha kijani. Kabla ya kuingia kwa mtu aliinama akavifuta, kimoja halafu kingine. Tulijua akiinama mlangoni kwako umekwisha. Watoto wa mtaa walikuwa na mchezo wao: wanaimba na kucheza, mmoja anainama kushika kiatu, na wote wanaganda kama walivyo. Anayetikisika ametoka. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa hodari sana wa mchezo ule. Sikupenda kumwangalia akiganda.

Mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka kwa mbali lakini ya karibu hayakosi, aliniambia siku moja, "Yule mtu ana kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Akisimama pale nje, uso wake umekufa. Lakini tazama kiatu. Kidole gumba kinacheza humo ndani."

Nikamwambia anaota. Nilipochungulia safari nyingine, ngozi ya kiatu cha kulia ilikuwa inapanda na kushuka, kidogo sana, inafuata ngoma.

Nyumba yake ilipakana na yangu kwa nyuma, tulitenganishwa na ukuta wa tofali ambao haukupigwa lipu. Miaka yote ile sikusikia redio kwake. Nilisikia ufagio, nilisikia bomba, nilisikia akikohoa. Alikuwa na maneno yake machache aliyoyarudia kwa kila mtu. "Muziki si hewa, una mwenyewe." "Mimi sikamati watu, nakamata sauti." Kinyozi alimbishia wakati mmoja barazani, mbele yetu sote.

"Mzee, mimi flashi nimenunua dukani. Nyimbo nimewekewa, nimelipa. Sasa hapo nimeiba nini?"

"Flashi ni yako," alisema Mkaguzi. "Na ukiuziwa ng'ombe na mtu asiye na zizi, utasemaje?"

"Nitasema nimeuziwa."

"Basi sema hivyo hivyo, na mimi nitachukua ng'ombe."

Tulicheka, hata kinyozi alicheka, na siku ya tatu yake sabufa ya kinyozi iliondoka ndani ya koti. Hilo ndilo lililotutisha zaidi. Hakuwa na hasira ambayo ungeweza kuisubiri ipoe.

Kuna siku moja tu aliyonieleza sababu. Nilikwenda ofisini kwao kuomba chombo changu, nikakutana naye kwenye benchi la korido, anakunywa chai kwenye kikombe alichotoka nacho nyumbani. Nikamwambia yote yaliyokuwa rohoni, kwamba wateja wananikimbia, kwamba kusuka rasta ndogo ni kazi ya kutwa na hakuna mwanamke anayeweza kukaa kutwa nzima anasikiliza kuchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kila kitu.

"Mama," akasema, "uliwahi kumzika mpiga zeze?"

Nikasema hapana.

Akasema yeye amemzika mmoja. Nyimbo za mtu yule zilipigwa kwenye kila baa kutoka Kongwa mpaka Manyoni. Alipokufa, jeneza lake lilichongwa kwa mbao za kreti za soda. Wakati wanamshusha kaburini, baa ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inapiga wimbo wake yeye yule, kwa sauti kubwa. Mkaguzi akavuka kwenda kuwaomba wapunguze. Mwenye baa akamuuliza, "Wewe kama nani?"

"Sikuwa na la kumjibu," aliniambia. "Nikaona lazima awepo mtu mwenye la kumjibu."

Nilirudi nyumbani bila chombo. Kitu kibaya kuliko kumwogopa mtu ni kumwogopa halafu ukaona kwamba hakukosea. Tangu siku ile hata kumsengenya kulinishinda, na wenzangu wakaanza kuniangalia vibaya.

Jirani yetu alipomwoza binti yake, ilibidi Mkaguzi aalikwe, jirani ni jirani. Alipoingia tu, mshereheshaji akafunga muziki. Watu walikula pilau wakisikia vijiko vyao. Bwana harusi alikuwa anamwangalia mkewe kama wanasubiri majibu ya hospitali. Baada ya kitambo Mkaguzi akasimama, akamkabidhi bibi harusi zawadi yake mikononi, akatangaza kwa sauti ya kusikika kwamba kichwa kinamsumbua na anaomba kuaga. Tukajua anatupisha. Mtu muungwana.

Lakini mshereheshaji hakuwasha. "Huenda kasimama nje," alisema. Tukachungulia, na kweli, alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, uso kaelekeza kwenye nyumba ya harusi. Hakuondoka. Basi harusi ikaendelea kwa makofi na vigelegele vya woga, na muziki haukupigwa kabisa. Siku hizo nilisema ni unyama. Sasa nadhani alikuwa anasubiri tu uanze, naye ausikie kutoka mbali, mahali ambapo asingewajibika kuukamata.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo sidhani kama watu wengine wangeweza kulifanya.

Baada ya kunyang'anywa sabufa na kuogopa hata ka-redio, tulikaa saluni kimya. Mteja wa kazi kubwa tulimsuka wasusi wawili, mimi upande wa kushoto na Sechelela kulia, na ukimya ukatukaa shingoni. Ndipo mama akasema, "Kwani midomo yenu nayo inataka leseni?" Tukaangaliana. Kweli, nani atakukamata kwa mdomo wako? Mama akatufundisha wimbo wa kutwangia uwele, wa kwao Mlali. Wimbo ule una pande mbili. Wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa mwenzake unashuka. Mmoja anaita, mwingine anaitika, na maneno ya mwitikio si yale ya mwitaji. Kila mwanamke hushika upande wake. Mama alikuwa mwitikaji tangu usichana, lakini upande wa kuita aliujua kwa kuusikia. Mimi nikawa naita, Sechelela anaitika, vidole vinakwenda na wimbo, huyu akivuta yule analegeza. Hatujawahi kusuka vizuri kama kipindi kile. Wateja wakarudi. Wanafunzi wa chuo walikuja wanatuomba tuimbe hata kabla hawajakaa.

Mmoja wa wateja hao alikuwa binti anayetafuta kutoka kimuziki. Tulimwita Msanii, kwa utani kwanza. Alimwomba mama amfundishe ule wimbo, na mama akamfundisha kwa furaha, maana nani angekataa wimbo wa mama yake upendwe na wajukuu? Msanii akaenda studio. Kwa kuwa alikuwa peke yake, akaimba upande wa kuita tu, na pale pa kuitikia wakajaza kinanda. Ukapigwa redioni. Tulishangilia mpaka Sechelela akadondosha kitana.

Kisha siku moja Msanii akaja, hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni anakunja kunja mkoba.

"Shikamoo bibi. Shikamoo anti. Naombeni msinielewe vibaya."

"Marahaba. Kuna nini?" nikamuuliza.

"Kampuni inayonisambazia imeusajili wimbo. Wote. Wamesema yeyote anayeuimba mahali pa biashara bila kibali anashtakiwa. Nimewaambia ni wa bibi, wakasema bibi alete ushahidi." Akaanza kulia. "Mimi sikujua. Naomba msiuimbe hapa. Yule mzee anapita."

Mama alikaa na karanga mkononi bila kutafuna. Kwenye nyimbo zote za dunia, sisi kwa kukwepa mkono wa Mkaguzi tulikuwa tumechagua ule ule tuliokuja kuugawa wenyewe, na sasa tulikuwa tunauiba kila siku, milango wazi, mbele ya wateja. Mara ya pili ndiyo ilikuwa hii.

Na kama aliyeitwa, wiki ile ile alisimama mlangoni. Tulikuwa tumejisahau. Vidole vikizoea wimbo vinauanzisha vyenyewe, na Sechelela alikuwa ameitikia kabla mimi sijajua kwamba nimeita. Nikaona kivuli chini ya pazia. Tukanyamaza katikati. Yeye akaendelea kusimama, kama anausubiri umalizike. Haukumalizika. Ndipo akaingia bila kufuta viatu.

"Huo wimbo," akasema, na sauti yake haikuwa ile iliyonyooka, "mmeutoa wapi?"

Nikamwona mama anakunja rasta aliyokuwa akichambua.

"Hatuujui vizuri, baba," mama akasema. "Watoto wameusikia redioni."

Mama yangu, aliyebebwa mgongoni na wimbo ule, alisema ni wa redioni. Niliona haya na niliona ahueni, vyote kwa pamoja.

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Redioni upande wa kuitikia haupo."

Hapo nikajua tumekwisha. Nilidhani ametega, ametunasa kwa uongo wetu wenyewe. Nikaanza kueleza mambo yasiyo na kichwa, nikamtaja marehemu mume wangu, nikataja ada za shule. Alinitazama, halafu akamtazama mama tena, kama mtu anayetaka kusema kitu kingine. Mwisho akasema, "Samahanini, akina mama," akatoka. Hakurudi na karatasi, wala hakurudi na polisi. Kila siku tulimsubiri arudi, na kusubiri huko kulituchosha kuliko kama angekuja. Wimbo ule hatukuuimba tena. Sechelela alifunga mdomo kwa plasta ya pakiti ya rasta kwa utani siku ya kwanza, baadaye hata utani ukaisha.

Kisha Mkaguzi akaondoka kazini. Wakubwa wake walileta mfumo mpya, wa kusikiliza kwa mitambo, wakamwambia akapumzike. Mfumo huo hatujauona mpaka leo, tunaambiwa tu. Wanasema simu ya mteja yeyote, imelala kwenye mkoba wake, inaweza kuusikia wimbo, kuutambua na kupeleka habari. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba kinyozi alipata ujumbe wa onyo kwenye simu yake, wimbo umetajwa na saa imetajwa, na siku hiyo hakuna aliyesimama mlangoni kwake. Tulipokuwa na Mkaguzi, woga ulikuwa na viatu, tukausikia ukija na tukausikia ukienda. Sasa hauji wala hauendi. Mtaa ulikaa kimya moja kwa moja. Wateja huja na nyimbo zao masikioni, hawaongei na mtu, na ukimgusa bega mmoja anashtuka.

Msanii naye hakupona. Aliimba wimbo wake kwenye harusi ya mjomba wake, binamu akairusha video mtandaoni, ikaondolewa kabla ya kukucha, na yeye akaandikiwa kwamba akirudia watamfungia ukurasa. Mitaani hapigwi, maana nani athubutu? "Anti," aliniambia, "nimesajiliwa mpaka sisikiki." Sasa anauza vipodozi karibu na stendi. Anasema hata jikoni kwake akianza kuimba hujikuta ameshusha sauti.

Mara ya mwisho nilipomwona Mkaguzi ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa upepo ule unaoingiza mchanga mpaka kwenye meno. Ilikuwa mchana na hakukuwa na mteja. Sikumsikia akija kwa sababu alivaa kandambili, na miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi. Alikuwa amekonda sana. Mkono wangu ulikimbilia swichi, ingawa redio yenyewe nilishaiuza.

"Mbukwenyi," akasema.

Salamu ya kwetu, Kigogo. Miaka yote ile, na kumbe ni Mgogo mwenzetu. Mama aliinua uso, akamwitikia. Nikamsogezea kiti.

"Nimekuja kuomba," alisema akimtazama mama. "Mama yangu alikuwa mwitaji. Aliyekuwa anamwitikia alihama nikiwa mdogo. Baada ya hapo mama alitwanga peke yake. Anaita, halafu ananyamaza mahali pa mwenzake, mchi unagonga mtupu, halafu anaita tena. Nimekua na wimbo wenye mashimo. Siku ile hapa mlangoni niliyasikia yakizibwa, na mlinyamaza kabla hayajaisha."

"Wimbo si wangu tena, baba," mama alisema. "Una wenyewe. Wewe ndiye ulikuwa unatuambia."

"Nilisema," akajibu. "Na sikukosea. Ila wakati ule sikujua kwamba na mimi ningekuja kuuomba nikiwa nje ya mlango."

Mama akanigeukia. "Saluni ni yako, mwanangu. Sema wewe."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ya sabufa, kwa sababu siku ile nilijua mkamataji amesimama wapi. Sikujua kama ametumwa. Sikujua simu yangu inasikia nini. Niliiona saluni imefungwa kwa kufuli la watu wengine, na mama ameketi nje juu ya ndoo. Lakini mtu yule alikuwa amekaa kwenye kiti cha draya, mikono imelala mapajani, na nilimwonea huruma kwa kiasi kilichozidi woga kidogo tu. Nikaenda nikafunga mlango.

"Na simu," alinong'ona yeye mwenyewe. "Tafadhali."

Tulizitia kwenye ndoo tupu ya dawa ya nywele, yangu, ya Sechelela na ya mama, tukajaza taulo juu. Kasimu kake kadogo alikavingirisha kwenye kitambaa cha kijani kabla ya kukatia humo. Kisha akafumba macho, akaita. Sauti yake ilikuwa kavu na ya chini, na aliita kama mwanamke anavyoita, kwa sababu hakujifunza kwa mwanamume. Alipofika penye shimo akanyamaza, kwa mazoea. Mama akaitikia.

Sijui niielezeje sura yake. Akaita tena, mama akaitikia tena, na kandambili ya kulia ikaanza kupanda na kushuka sakafuni, waziwazi, hakuna kiatu cha kuificha. Sechelela aligeukia ukutani. Mimi nilisimama na mgongo wangu kwenye mlango kama mimi ndiye kufuli.

Ndipo nikasikia viatu. Vya soli ngumu, kwenye saruji ya baraza. Vilikuja taratibu, vikafika nyuma yangu, vikasimama.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa yeye. Aliukata wimbo katikati ya neno, yule asiyewahi kumkata msanii, akainama mpaka kichwa kikawa magotini, na mkono wake ukaukamata mkono wa mama. Nikatazama chini. Kivuli kilikuwa kimeingia kwa upenyo wa chini ya mlango, kimelala sakafuni kati yetu, hakisogei.

"Mama," alinong'ona bila kuinua uso. "Wamesikia?"

Mama yangu akaziweka karanga chini. Akamwekea kiganja kisogoni, akakiacha hapo.

"Nyamaza," akamwambia. "Watapita."